Bahari Iliyotiwa Rangi Bara: Picha, Wasanifu na Uundaji wa Sanaa ya Pwani ya Mtindo wa Kale

Utangulizi

Katika maduka ya vitu vya kumbukumbu ya miji mingi ya pwani huuzwa picha za namna moja. Ndani yake huonekana ufuo, chombo kilichotweka tanga, jengo la zamani linaloelekea bahari, na anga yenye rangi ya chungwa au samawati iliyofifia. Karatasi yenyewe hufanywa ionekane kuukuu. Mtengenezaji wake aghalabu si mchoraji aliyekaa ufuoni na brashi mkononi, bali ni msanifu aliyefunzwa kazi ya matangazo, vitabu au vifungashio, ambaye baadaye aliacha kuwatumikia wateja akashika kazi ya usanii. Huanza na picha iliyopigwa kwa kamera. Huipunguzia vivuli, huigawa katika mabaka machache ya rangi, kisha huichapa kwa namna inayokumbusha mwanzo wa karne ya 20.

Wengi huichukulia sanaa hiyo kuwa zao la kompyuta. Insha hii inaonyesha kwamba mizizi yake ni ya zamani zaidi, na kwamba mtindo unaoigwa leo nao ulitokana na kazi ya namna hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1880, mafundi na wasanifu walichukua picha nyeusi na nyeupe za pwani wakazitia rangi katika karakana zilizokuwa bara, mbali na maji ya chumvi, bila kulazimika kufika mahali palipopigwa picha. Hoja kuu ya insha ni kuwa rangi za pwani ya kale, kama zinavyojulikana leo kupitia picha za aina hiyo, hazikuwa ushahidi wa macho. Zilikuwa uamuzi wa msanifu.

Hoja hiyo ina uzito mahususi kwa historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Postikadi za Unguja za mwanzo wa karne iliyopita hutumiwa na watafiti, watengenezaji wa filamu na waonyeshaji wa makumbusho kama ushahidi wa mavazi, majengo na mandhari. Aidha, tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha za kale za jumba hilo zimekuwa zaidi ya mapambo ya ukutani. Zimekuwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakipo tena kama kilivyokuwa. Ni lazima basi ijulikane ni kipi katika picha hizo kilichoandikwa na mwanga, na ni kipi kilichoongezwa na mkono wa mtu.

Picha isiyojua rangi

Ili kuelewa uhuru aliokuwa nao mtia rangi, ni vema kuanza na upungufu wa picha yenyewe. Sahani za kioo zilizotumiwa na wapigapicha wengi wa nusu ya pili ya karne ya 19 hazikuiona dunia kama jicho la binadamu linavyoiona. Kemikali zake ziliathiriwa sana na mwanga wa samawati na urujuani, lakini hazikuathiriwa na mwanga mwekundu. Matokeo yake ni kwamba kitu cha samawati kilitokea karibu kuwa cheupe, na kitu chekundu kilitokea karibu kuwa cheusi. Sahani za othokromatiki zilizofuata ziliongeza uwezo wa kupokea rangi ya kijani, ila nyekundu iliendelea kukosekana. Sahani za pankromatiki, ambazo hupokea rangi zote zinazoonekana, zilianza kuuzwa mnamo mwaka 1906, na matumizi yake yalienea polepole.

Kwa mpigapicha wa pwani, upungufu huo ulikuwa na athari mbili. Kwanza, anga ilipotea. Samawati ya anga na weupe wa mawingu vilitoka sawa, hivyo sehemu ya juu ya picha ilibaki tupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Pili, bahari ilipoteza tofauti zake. Mvuvi hutambua fungu, mkondo na kina kwa rangi ya maji. Katika sahani ya kioo, tofauti hizo zilififia au zilipotea kabisa. Aliyepokea picha kama hiyo ili aitie rangi alikuta maumbo yaliyo wazi, kama vile kuta, milingoti, makuti na watu, yakiwa yamezungukwa na anga na maji visivyo na habari yoyote ya rangi. Nafasi hiyo aliijaza mwenyewe.

Njia ya kupiga picha za rangi iliyoweza kutumika kibiashara ni ile ya Autochrome ya ndugu Lumière wa Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka 1907. Hata hivyo ilikuwa ghali na haikufaa kwa uchapaji wa nakala nyingi za bei nafuu. Kwa sababu hiyo, kwa miongo kadhaa kabla na baada ya mwaka huo, umma ulioona pwani kwa rangi uliiona kupitia mikono ya watia rangi.

Mawe ya Zürich

Karakana iliyoweka msingi wa mtindo huo ilikuwa Zürich, nchini Uswisi, nchi isiyo na pwani. Huko, katika kampuni kongwe ya uchapaji ya Orell Füssli, fundi wa litografia aitwaye Hans Jakob Schmid (1856–1924) alibuni katika miaka ya 1880 njia iliyoitwa fotokromu. Litografia ni uchapaji unaotumia jiwe bapa: sehemu za jiwe zilizotayarishwa kwa mafuta hushika wino, na sehemu zilizolowa maji huukataa. Kabla ya Schmid, mchoro wa jiweni ulitegemea sana mkono wa mchoraji. Yeye aliufanya mwanga utangulie kazi ya mkono.

Jiwe lilipakwa lami laini inayoathiriwa na mwanga, kisha negativu ikalazwa juu yake na kuachwa juani. Lami iliyopigwa na mwanga mwingi iligandamana zaidi. Ile iliyobaki kivulini iliondolewa kwa tapentaini. Hapo jiwe lilibeba umbo la picha. Lakini jiwe moja lilibeba rangi moja tu. Kwa hiyo picha moja ilihitaji angalau mawe sita, na mara nyingi zaidi ya kumi, kila moja likitayarishwa kutokana na negativu ile ile, kisha likasuguliwa, likafutwa au likaongezwa doa kwa mkono ili lishike sehemu zake tu. Karatasi ilipita juu ya mawe hayo moja baada ya jingine mpaka picha ikakamilika.

Maelezo haya ya kiufundi yanaeleza jambo la msingi kuhusu ukweli wa picha. Umbo la kila jiwe lilitoka kwenye negativu, hivyo mistari ya majengo na mashua ni ya kuaminika kwa kiasi kikubwa. Kinyume chake, hakuna rangi hata moja iliyotoka kwenye negativu. Fundi ndiye aliyeamua kuwa jiwe hili ni la samawati ya bahari na lile ni la waridi ya machweo. Palipokuwapo maelezo ya mpigapicha kuhusu rangi, aliyafuata kadiri alivyoweza. Yasipokuwapo, alitegemea mazoea ya karakana. Ndiyo maana bahari ya Brighton nchini Uingereza, bahari ya Algiers na bahari ya Tunis, katika chapa za Zürich, zinaweza kukaribiana kwa rangi kuliko zinavyokaribiana kwa hali halisi.

Kampuni tanzu iliyosambaza chapa hizo ilitia pembeni mwa picha jina la mahali, namba na herufi P.Z., yaani Photochrom Zürich. Jina la mpigapicha kwa kawaida halikuwapo, na la mtia rangi halikuwapo kamwe. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi takriban chapa 6,500 za aina hiyo kutoka sehemu nyingi za dunia. Ni mkusanyiko mkubwa wa kazi za sanaa ambazo wasanii wake hawajulikani.

Kutoka kurekebisha picha hadi kuchora: William Henry Jackson

Njia ya Schmid ilivuka Atlantiki katika miaka ya 1890, kampuni ya Detroit Photographic Company ilipopata haki ya kuitumia nchini Marekani. Detroit nao ni mji wa bara, uliojengwa kando ya mto. Mwaka 1897 kampuni hiyo ilimpata mshirika aliyeijenga sifa yake: William Henry Jackson, aliyekuja na maelfu ya negativu zake.

Maisha ya Jackson yanaonyesha jinsi mipaka kati ya fundi, msanifu na msanii ilivyokuwa myembamba. Alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la New York. Kazi yake ya kwanza, akiwa bado kijana, haikuwa kupiga picha bali kuzirekebisha na kuzitia rangi katika studio za wengine. Baadaye akawa mpigapicha, na picha alizopiga Yellowstone mwaka 1871, akiwa na msafara wa upimaji wa serikali, zilichangia kufanywa eneo hilo hifadhi ya taifa mwaka uliofuata. Alipoingia Detroit alirudi, kwa namna fulani, alikoanzia: kwenye meza ambako picha isiyo na rangi hugeuzwa bidhaa yenye rangi. Picha za miji ya pwani ya Florida, kama St. Augustine na Palm Beach, zilikuwa miongoni mwa zile zilizouzwa na kampuni hiyo kwa watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuona minazi.

Biashara ilikuwa kubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1898 iliruhusu kadi za watu binafsi kutumwa kwa senti moja tu, sawa na kadi za serikali, na soko la postikadi likapanuka ghafla. Katika kilele chake kampuni ilitumia hazina ya negativu 40,000 hivi na kuuza takriban chapa milioni saba kwa mwaka. Ilipofika mwaka 1924, ushindani wa njia za uchapaji zilizo rahisi zaidi ulikuwa umeifikisha katika ufilisi.

Jackson mwenyewe aliishi hadi mwaka 1942, akafariki akiwa na umri wa miaka 99. Uzeeni alishika brashi akachora upya mandhari za Magharibi ya Marekani alizozijua ujanani, na katika miaka ya 1930, akiwa amepita miaka 90, alichorea Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo michoro kuhusu misafara ya upimaji wa ardhi. Mtu aliyeanza kwa kutia rangi picha za wengine alimaliza kwa kuchora kumbukumbu zake mwenyewe. Safari ya msanifu anayekuwa msanii kwa kupitia picha, kwa hiyo, ilikwisha kukamilika katika maisha ya mtu mmoja kabla kompyuta haijabuniwa.

Mteja na bango

Iwapo fotokromu iliipa sanaa ya pwani msingi wake wa picha, karne ya 20 iliiongezea mambo mawili: amri ya mteja na baka la rangi lisilo na kivuli.

La kwanza linaonekana wazi katika kampuni ya Curt Teich ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1898 na mhamiaji kutoka Ujerumani. Chicago iko kando ya ziwa kubwa, lakini bahari iko mbali. Kuanzia mwaka 1931 kampuni hiyo ilichapa postikadi kwenye karatasi yenye mikwaruzo midogo inayofanana na ufumaji wa kitani, ambayo ilipokea rangi kali kwa urahisi. Wakala alipeleka picha nyeusi na nyeupe pamoja na maagizo. Mwenye hoteli ya ufuoni aliweza kuomba nguzo za umeme ziondolewe, gari la kizamani libadilishwe kwa la kisasa, nyasi ziwe za kijani zaidi na mawingu yaongezwe. Wasanii wa kampuni waliyatekeleza hayo kwa brashi. Kumbukumbu za kampuni hiyo, ambazo sasa zimo katika Maktaba ya Newberry mjini Chicago, zinaruhusu mtafiti kulinganisha picha ya awali na kadi iliyotoka, na hivyo kuona kwa macho umbali uliopo kati ya mahali na taswira yake.

La pili lilitoka kwenye mabango ya usafiri. Nchini Uingereza, kampuni ya reli ya LNER iliyodumu kuanzia 1923 hadi 1947 iliwaajiri wasanifu kuvutia abiria waende kwenye fuo za mashariki. Miongoni mwao alikuwa Tom Purvis (1888–1959), aliyekuwa amepata uzoefu katika kampuni ya matangazo. Purvis aliondoa karibu kila kitu: mistari ya kuzungushia maumbo, vivuli vya taratibu na vijambo vidogo vidogo. Alibakiza mabaka makubwa ya rangi, ambayo jicho la mtazamaji liliyaunganisha lenyewe kuwa mtu, mwavuli au wimbi. Mfululizo wake wa mabango sita kuhusu raha za pwani ya mashariki, wa mwaka 1931, uliweza kupangwa sambamba ukawa mandhari moja inayoendelea. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza kupewa hadhi ya Msanifu wa Kifalme wa Viwanda. Baadaye aliacha mabango akachora picha za watu na za kidini. Naye pia, kwa njia tofauti na ile ya Jackson, alitoka katika usanifu akaingia katika uchoraji.

Kinachoitwa leo mtindo wa kale wa pwani ni mchanganyiko wa urithi huo wote: umbo lililotoka kwenye picha kama ilivyokuwa Zürich, usafishaji wa mandhari kama ilivyokuwa Chicago, na mabaka bapa ya rangi kama ya mabango ya reli.

Unguja katika postikadi

Pwani ya Waswahili iliingia katika mkondo huo kupitia postikadi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio maarufu za Unguja ziliendeshwa hasa na wapigapicha wenye asili ya Goa. Majina ya A. C. Gomes, ndugu Coutinho na Pereira de Lord yanaonekana mara kwa mara kwenye picha na kadi za wakati huo. Tofauti na chapa za Zürich, hapa jina la studio lilihifadhiwa. Lakini uchapaji wa rangi ulikuwa suala jingine. Kabla ya vita vya mwaka 1914, Ujerumani ilitawala biashara ya kuchapa postikadi duniani, na karakana nyingi zilikuwa katika miji ya bara kama Leipzig na Dresden. Picha iliyopigwa Forodhani iliweza kusafiri kwa meli hadi Ulaya, ikatiwa rangi na fundi asiyewahi kuona karafuu ikianikwa, kisha ikarudi Unguja kuuzwa kwa abiria wa meli.

Thamani ya kadi hizo kwa mwanahistoria inatofautiana kulingana na swali linaloulizwa. Mifano miwili inatosha kulionyesha hilo.

Mfano wa kwanza ni Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Hapo awali mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm liliharibiwa, na mnara ule nao ukaharibika. Katika ukarabati uliofanyika mwaka 1897, mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo, picha inayoonyesha mnara ukiwa umejitenga ilipigwa kabla ya Agosti 1896, na ile inayoonyesha saa ikiwa katika uso wa jumba ilipigwa baada ya hapo. Hitimisho hili ni thabiti hata kama kadi imetiwa rangi, kwa kuwa linategemea umbo, na umbo lilitoka kwenye negativu. Idadi ya nguzo, mpangilio wa roshani na uwiano wa ghorofa vinaweza kupimwa kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo, rangi ya paa, ya milango au ya kuta kama inavyoonekana katika kadi haiwezi kuwa msingi wa uamuzi wowote wa kihistoria bila kuthibitishwa na chanzo kingine, kama vile mabaki ya chokaa na rangi katika jengo lenyewe. Kwa jumba lililopoteza mnara wake na sehemu ya uso wake mwaka 2020, kupuuza tofauti hiyo kungemaanisha kurejesha ubunifu wa karakana ya Ulaya badala ya kurejesha Unguja.

Mfano wa pili ni kanga. Vazi hili lilienea katika pwani mwishoni mwa karne ya 19, na kisutu, kinachohusishwa na harusi, kinajulikana kwa rangi zake tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ikumbukwe kwamba sahani za wakati huo zilionyesha nyekundu karibu sawa na nyeusi. Kisutu kilichopigwa picha kwa sahani hiyo hubaki na rangi mbili tu, nyeupe na ya giza. Mtia rangi aliyekuwa mbali hakuwa na njia ya kujua, kwa kuitazama picha, ni sehemu ipi ya giza iliyokuwa nyekundu na ipi iliyokuwa nyeusi. Vivyo hivyo, samawati hafifu na nyeupe zilifanana machoni pake. Alipoamua kumvika mwanamke huyo kijani au manjano, aliufanya uamuzi huo kwa ajili ya uzuri wa kadi. Mtafiti anayeandika historia ya rangi za kanga kwa kutegemea postikadi za rangi huandika, bila kujua, historia ya ladha ya watia rangi. Kilicho salama ni umbo la pindo, ukubwa wa nakshi na namna vazi lilivyofungwa.

Yapo pia mabadiliko makubwa zaidi. Ilikuwa kawaida katika biashara ya postikadi duniani kutoa kadi mbili kutoka kwa negativu moja: moja ya mchana, na nyingine iliyotiwa giza, ikawekwa mwezi na mng'aro juu ya maji ili iuzwe kama mandhari ya usiku. Hila hiyo hujifichua mara nyingi kwa vivuli vyake. Vivuli vya jua hubaki pale pale vilipokuwa mchana, hata mwezi ukiwekwa upande usiolingana navyo.

Msanifu wa leo na dhamana yake

Programu ya Photoshop ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, ilimpa msanifu mmoja uwezo uliokuwa umegawanywa kati ya mpigapicha, fundi wa mawe, mtia rangi na mchapaji. Tabaka za picha katika kompyuta zinafanya kazi inayofanana na ya mawe ya Schmid: kila tabaka hubeba sehemu yake, na picha hukamilika kwa kuzipanga pamoja. Msanifu anayeacha matangazo na kuingia katika sanaa ya pwani ya mtindo wa kale hufanya upya, akiwa peke yake, kazi iliyokuwa ya karakana nzima.

Hakuna kosa katika kazi hiyo kama sanaa. Msanii hana wajibu wa kuwa shahidi, na mnunuzi anayetaka kutundika ufuo wenye anga ya waridi sebuleni hadanganywi anapojua anachonunua. Tatizo huanza pale kazi hiyo inapopoteza historia yake. Picha ikishanakiliwa na kusambazwa bila maelezo, mtazamaji wa miaka 30 ijayo hatakuwa na njia ya kutofautisha chapa ya mwaka 1900, nakala ya chapa hiyo iliyorekebishwa, na kazi mpya iliyofanywa ionekane kuukuu. Karatasi iliyochakaa iliwahi kuwa dalili ya umri. Sasa ni sehemu ya usanifu. Pwani ambayo majengo yake yanabomoka haiwezi kumudu mkanganyiko huo, kwa kuwa picha zinabaki kuwa miongoni mwa mashahidi wachache wa kile kilichopotea.

Yapo maswali matatu ambayo mtunza makumbusho, mwalimu au mtafiti anaweza kuiuliza picha yoyote ya pwani kabla ya kuitumia. La kwanza ni: umbo lilitoka wapi, yaani ipo negativu au picha ya awali isiyo na rangi inayoweza kulinganishwa nayo? La pili ni: rangi ilitoka wapi, yaani mwenye kuiamua alifika mahali hapo au alipokea maelezo, au alifuata mazoea ya karakana yake? La tatu ni: nini kimeondolewa? Swali hili la mwisho husahaulika kuliko mengine. Wachukuzi na wavuvi, nyaya na takataka za ufuoni ndivyo vitu ambavyo kwanza huonekana kuharibu mandhari, ilhali mara nyingi ndivyo vinavyobeba historia ya kazi na maisha ya mji.

Kwa upande wa msanii, dhamana yake ni ndogo na rahisi kutimizwa: kutaja picha aliyoanzia, jina la aliyeipiga pale linapojulikana, na mwaka wa kazi yake mwenyewe. Mistari miwili nyuma ya karatasi inatosha. Kama watia rangi wa Zürich na Leipzig wangeandika mistari hiyo, sehemu kubwa ya utafiti wa leo isingehitajika.

Hitimisho

Insha hii imefuatilia sanaa ya pwani inayotokana na picha kutoka kwenye mawe ya Zürich hadi kwenye tabaka za kompyuta. Imebainika kuwa msanifu aliyegeuka msanii si mgeni katika historia hiyo. Schmid aliweka njia ya kiufundi, Jackson alianza kwa kurekebisha picha akaishia kuchora, Purvis alitoka kwenye matangazo akaingia kwenye uchoraji, na watia rangi wa postikadi za Unguja, wasiojulikana majina, waliamua jinsi dunia itakavyoiona bahari ambayo hawakulazimika kuiona.

Imebainika pia kwamba upungufu wa sahani za kioo uliacha nafasi ambayo mkono wa binadamu uliijaza, na kwamba nafasi hiyo ni ya rangi zaidi kuliko ya umbo. Kwa hiyo picha za kale za pwani hazistahili kukataliwa kama ushahidi, wala kupokelewa zote kwa jumla. Nguzo za Beit al-Ajaib zinaweza kuhesabiwa katika postikadi. Rangi ya kuta zake itafutwe katika chokaa iliyobaki kwenye kuta zenyewe.